UCHAMBUZI: Vijana wa Kakamega waunde programu za kutumiwa, si za kusahihishwa tu

KENYA iliidhinisha mnamo 2022 silabasi ya kuandika programu za tarakilishi kwa shule za msingi na za upili, hatua iliyosifiwa kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Silabasi hiyo, iliyotayarishwa na kampuni ya Kodris Africa, ilipitishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Hata hivyo, swali moja bado linasubiri jibu. Mwanafunzi wa Lurambi, Butere au Malava atakayefunzwa lugha za tarakilishi darasani ataunda nini, na ni nani atakayekitumia alichokiunda?

Swali hilo lina uzito wa kipekee katika Kaunti ya Kakamega. Kwa miongo mingi uchumi wa eneo hili uliegemea miwa, na pigo lilikuwa kubwa kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mnamo 2019. Kaunti hiyo ilikuwa na watu 1,867,579 kulingana na sensa ya mwaka huo huo, na vijana wake hawawezi wote kurudi mashambani wala kwenye machimbo ya dhahabu ya Ikolomani.

Vyuo havikosekani. Mjini Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mnamo 2007, na kusini mwa mji kuna chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala. Wengi wanaohitimu masomo ya tarakilishi hufunga virago na kuabiri basi la Nairobi, mkononi wakiwa na cheti na bahasha ya barua za kuomba kazi. Ni wachache wanaoweza kumwonyesha mwajiri programu waliyoiunda wenyewe na ambayo kuna mtu anaitegemea.

Haki itendeke: mfumo wa elimu unatambua kwamba ujuzi huu hupatikana kwa vitendo. Karatasi ya tatu ya somo la Tarakilishi katika mtihani wa KCSE ni mradi. Mtahiniwa hupewa tatizo la taasisi fulani, kisha hutakiwa kubuni mfumo wa kulitatua. Vyuo vikuu navyo hudai mradi wa mwaka wa mwisho.

Tatizo ni kwamba mradi huo hufa siku unapopewa alama. Hospitali inayotajwa katika swali haipo, na msimamizi wa ghala hajawahi kuufungua mfumo huo. Mbaya zaidi, kumezuka biashara ya kuuza miradi iliyokamilika, na matangazo yake yamejaa mtandaoni. Kitu ambacho hakuna atakayekitumia ni rahisi kununuliwa, kwa kuwa hakuna atakayegundua kwamba hakifanyi kazi.

Ili kuelewa kinachopotea, chukulia kijana aliyeamua kukiundia chama cha wanawake wauza mboga programu ya kuweka rekodi za michango. Orodha ya wanachama na jumla ya fedha ni kazi ya siku mbili tatu. Safaricom ilifungua mnamo 2017 mfumo uitwao Daraja, unaowawezesha waundaji kuunganisha programu zao na M-Pesa, na majaribio yake hayalipiwi. Hadi hapo, kila kitu ni kama kilivyo vitabuni.

Masomo halisi huanza programu ikishakabidhiwa wenyewe. Mwanachama mmoja anatuma mchango kwa simu ya mwanawe, na programu haimtambui. Nambari ya mwingine imeandikwa mara moja kwa kuanzia na sufuri na mara nyingine kwa 254, naye anahesabiwa kuwa watu wawili. Mtandao unayumba, taarifa ya malipo inafika mara mbili, na mtu aliyetoa Sh500 anaonekana kutoa Sh1,000. Mweka hazina anafungua daftari lake na kukuta hesabu haziwiani.

Kila kasoro ya aina hiyo ni somo: jinsi ya kuhakikisha muamala mmoja hauhesabiwi mara mbili, jinsi ya kuhifadhi nakala za rekodi, jinsi ya kuandika kazi ambayo mwenyewe ataielewa miezi sita baadaye. Hakuna mtihani unaoweza kuuliza maswali hayo kwa ukali wa mweka hazina anayedaiwa fedha ambazo hazionekani.

Historia ya nchi hii yenyewe inatoa ushahidi. Mfumo wa Ushahidi ulibuniwa kwa siku chache mnamo Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, ili wananchi waripoti visa vya fujo na vionyeshwe kwenye ramani. Waliouunda walikuwa na ujuzi tayari, lakini kilichoukomaza ni kutumiwa. Miaka miwili baadaye ulisaidia kuonyesha mahali msaada ulipohitajika baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti.

Soko la ajira nalo limebadilika. Kampuni ya Andela, iliyowahi kuwa tumaini la vijana waliotaka kufunzwa huku wakilipwa, ilitangaza mnamo Septemba 2019 kwamba wafanyakazi wapatao 400 wa ngazi ya chini nchini Kenya, Uganda na Nigeria wangeachishwa kazi, kwa sababu wateja walitaka wenye tajriba. Tangu mwishoni mwa 2022, zana za akili unde zimeanza kuandika kwa sekunde chache vipande vya programu ambavyo zamani vilikuwa kibarua cha wanagenzi. Zana hizo haziketi na mweka hazina kujua kwa nini daftari lake linatofautiana na mashine. Anayejua kuuliza hivyo ndiye atakayebaki na kazi.

Kuna pingamizi ambazo hazifai kupuuzwa. Kwanza ni vifaa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 10.4 tu ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia tarakilishi. Kijana asiye na kipakatalishi hawezi kuambiwa ajifunze kwa kuunda, ilhali maabara ya chuo hufungwa jioni.

Pili ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humbana yeyote anayehifadhi majina na nambari za simu za watu. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda programu, lakini kazi iliyoagizwa na mtu mwingine huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza pasipo makubaliano tofauti. Kijana asiyeandikiana mkataba na shule anayoihudumia anaweza kujikuta mikono mitupu.

Tatu, programu nyingi hazitaleta fedha. Hilo si hoja ya kuacha. Programu ya kwanza ni karo anayolipa mtu kwa muda wake. Faida yake huonekana katika ya tatu au ya nne.

Yanayohitajika hayagharimu mabilioni. Vyuo vya Kakamega vinaweza kuamua kwamba mradi wa mwisho usipewe alama kamili mpaka utumiwe kwa muhula mmoja na chama, zahanati au shule, na mwenye kuutumia ahojiwe. Maabara zinaweza kuachwa wazi hadi usiku. Serikali ya kaunti nayo inaweza kutenga kazi ndogo ndogo za mifumo yake kwa wahitimu wa hapa, kwa mikataba mifupi inayoeleza nani atamiliki nini.

Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 limepangiwa kufanya KCSE mnamo 2027, na namna ya kutahini itabadilika. Huu ndio wakati wa kuhakikisha kwamba mradi unaoishia mezani mwa mtahini haurithiwi na mtaala mpya. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kakamega ina wachezaji; haijawatengea uwanja.