Pesa Ilikuwepo, Kadi Ndiyo Ilikataa

Wacha niwaulize kitu, wasee wangu wa Isiolo. Mara ya mwisho kuingiza kadi ya benki kwenye mashine ya duka, ukabonyeza namba ya siri, ukapewa risiti, ilikuwa lini? Sisemi kutoa pesa ATM. Nasema kulipa.

Najua jibu kwa sababu ni langu pia. Mpaka mwaka jana sikuwa nimewahi. Ukikulia Bulapesa unajua till, basi. Mama wa maziwa ya ngamia ana till, jamaa wa boda unamtumia kwa namba yake, hata mandazi ya shilingi kumi unalipa na simu. M-Pesa ilianza 2007, kwa hivyo wengi wetu hatukumbuki maisha bila hiyo. Kadi ya benki tunayo, ndio, tulipewa siku ya kufungua akaunti. Inakaa nyuma ya kitambulisho ikikusanya vumbi.

Shida inaanza ukivuka mpaka.

Binamu yangu alienda Istanbul kusoma. Hapa nyumbani tulifanya kila kitu: viza, dua, nguo za baridi. Pesa ya kuanzia maisha ikawekwa benki, kadi ikaingia kwenye mkoba. Na kadi yenyewe ilikuwa na chipu, kile kibati kidogo cha rangi ya dhahabu. Tukajua mambo iko sawa.

Alifika usiku. Hosteli ikataka mwezi wa kwanza ulipwe kabla ya ufunguo kutolewa. Kadi ikakataa. Akajaribu ATM, ikakataa pia. Kumbe benki yake ilikuwa imeifunga kadi isitumike nje ya Kenya mpaka mwenyewe aombe, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kuifungua kwa apu kulihitaji namba za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS kwa laini yake ya Kenya, na hiyo laini haikuwa imewashwa kutumika nje. Akaazima simu ya mtu, akanipigia WhatsApp. Jumamosi usiku, bana. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, nikaambiwa mwenye akaunti apige mwenyewe. Mwenye akaunti yuko Istanbul, hana laini, ana mabegi mawili na dola arobaini.

Alilala kwenye kiti cha mapokezi. Asubuhi mwanafunzi mmoja wa Mombasa akamsikia akiongea Kiswahili, akamlipia. Deni lilirudishwa na saa hii tunaicheka hiyo hadithi. Lakini usiku ule mamake hakufunga jicho, na hakuna kilichomuuma kama kujua kwamba pesa ilikuwepo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kadi inayofanya kazi nje ni hati ya safari, sawa na pasipoti. Usiiache mpaka siku ya mwisho.

Kwanza, kwa nini chipu? Ule ukanda mweusi wa nyuma ya kadi hubeba maelezo yaleyale kila siku, na mwizi akiunakili ana kadi yako. Chipu hutengeneza namba mpya kwa kila malipo, kwa hivyo kunakili ya jana hakumsaidii leo. Wafaransa walikuwa na chipu kwenye kadi zao zote za benki kufikia 1992. Wamarekani walichelewa mpaka karibu 2015, na kwa miaka mingi watalii wao walikuwa wanakwama mbele ya mashine za tiketi za treni Ulaya, na hela zao mfukoni. Ukanda wenyewe unaondoka: Mastercard ilitangaza 2021 kwamba kufikia 2033 kadi zake hazitakuwa nao kabisa.

Wengine mtasema, si kuna kadi ya simu? Ipo. M-Pesa GlobalPay ya Visa ilikuja 2022 na kwa kununua vitu mtandaoni iko poa. Lakini hiyo ni namba tu. ATM inataka kitu cha kuingizwa ndani.

Na wale wa "beba dola tu": beba, lakini kidogo. Pesa taslimu ikiibwa imeenda. Kadi ikiibwa unaifunga.

Sasa, ukiingia benki usiulize "mna kadi?" Kila mtu anazo. Uliza hivi. Je, inafanya kazi nje, kwa ATM na kwa duka, na nani anaifungua? Kutoa pesa huko kunakatwa ngapi, na kubadilisha sarafu kunakatwa ngapi? Hizo ni gharama mbili tofauti. Kikomo cha siku ni ngapi? Nikipoteza laini, nawapata vipi? Kama kuna kadi ya kuwekwa pesa mapema ambayo haijaunganishwa na akaunti yako kubwa, uliza bei yake pia, kwa sababu ikipotea hasara inaishia hapo.

Halafu ifanyie majaribio hapa hapa mjini. Ingia supamaketi, nunua sukari, lipa kwa chipu na namba ya siri. Ukiisahau hiyo namba, afadhali uisahau Isiolo. Washa laini yako itumike nje kabla hujatoka. Kama unaweza, kuwa na kadi mbili, moja Visa na nyingine Mastercard, na usiziweke mkoba mmoja. Ukifika, mashine ikikuuliza unataka kulipa kwa shilingi za Kenya au kwa pesa ya huko, chagua ya huko. Hiyo ya shilingi inaonekana kama ukarimu, lakini mara nyingi wamejiongezea faida kwa bei ya kubadilisha. Na ujue hoteli inaweza kushikilia kiasi fulani cha pesa yako kama dhamana, kwa hivyo usiende na salio la kubana.

Kuna mtu ataniambia hii ni story ya watoto wa matajiri. Angalia mtaa wako vizuri. Ni nani anaenda Saudia, Qatar na Dubai kufanya kazi? Ni dada zetu. Wengi wanapanda ndege na namba ya simu ya ajenti na karatasi ya mkataba, basi. Mimi nasema dada anayekwenda huko awe na akaunti ya jina lake, kadi ya chipu iliyofunguliwa kutumika nje, na nauli ya kurudi ndani yake. Mshahara ukicheleweshwa au mambo yakiharibika, ataweza kununua chakula na tiketi bila kumpigia mtu magoti. Kadi haizuii dhuluma. Lakini mwenye nauli yake ana neno la kusema.

Na nyinyi watu wa benki, mnakuja shuleni kwetu na kofia na kalamu za bure, mnafungua akaunti mia kwa siku moja. Ongezeni dakika kumi za kueleza hiyo kadi, kwa Kiswahili. Kumwambia mteja "kadi yako haifanyi kazi nje mpaka uombe" ni sentensi moja tu.

Binamu yangu atarudi likizo. Nimeshamwambia siku ya kuondoka tena tunapitia supamaketi kwanza, kila mtu na kadi yake. Sukari atalipa yeye.