Bei ya mtutu si kipimo cha shabaha

Rahisi ghali, walisema wazee wetu. Wazee hao hao wakasema pia kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali ya kwanza yamwonya bahili, ya pili yamwonya anayehadaika na sura ya nje. Anayekwenda sokoni akiwa na moja tu kati ya hizo, bila shaka atapunjwa.

Nilizikumbuka methali hizi majuzi aliponitembelea ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huwafundisha askari kulenga shabaha. Alikuwa akiandaa kijitabu cha mafunzo kwa Kiswahili, na neno moja lilikuwa limemshinda. “Mwalimu,” akaniambia, “wakufunzi wenzangu wanasema mtutu wa bei ghali una usahihi zaidi. Lakini kila nikiuliza usahihi huo ni upi, kila mtu ananipa jibu lake.”

Swali hilo lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la chuma. Risasi tano zinaweza kutoboa karatasi mahali pamoja, zikabanana kama punje za mahindi, na bado zikawa mbali na kitovu cha shabaha. Zinaweza pia kukizunguka kitovu pande zote bila kukaribiana. Hali ya kwanza nilimshauri aiite mkusanyiko, na usahihi aliweke liwe neno la kufika palipokusudiwa. Mtutu mzuri huleta mkusanyiko. Usahihi huletwa na jicho, mkono, pumzi na marekebisho ya vilengeo. Mwenye kuuza mtutu kwa jina la usahihi anauza kitu ambacho hana dukani.

Haina maana kwamba fedha za ziada hupotea bure. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtutu ni mwanzi wa chuma uliotobolewa, ukachorwa ndani mifereji inayozunguka kama parafujo ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia yake. Mifereji hiyo yaweza kukwanguliwa kwa kijembe kidogo kinachopita mara nyingi, kila mara kikiondoa chembe ndogo ya chuma. Kazi hiyo ni ya polepole, na bei yake hupanda. Yaweza pia kutokezwa kwa kupitisha ndani ya mwanzi kipande cha chuma kigumu chenye umbo la mifereji. Tena yaweza kufuliwa kwa nyundo za mashine kwa dakika chache tu, mbinu iliyotumiwa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili kutengeneza mitutu ya bunduki za rashasha. Fundi wa mitutu ya mashindano huongeza kazi nyingine: huituliza chuma kwa joto ili isijipinde inapopata moto, kisha huisugua ndani kwa mkono mpaka upana wake ulingane toka mwanzo hadi mwisho. Mnunuzi hulipia ulinganifu huo, nao ni wa kweli.

Swali ni nani atakayeufaidi. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtutu wa kawaida hutawanya risasi zake sentimita 6 katika umbali wa mita 100, na wa ghali sentimita 3. Askari aliyechoka, anayehema, mikono yake pekee hutawanya sentimita 20. Makosa haya mawili hayajumlishwi kama shilingi. Hujumlishwa miraba yake, kisha jumla ikatafutiwa kipeuo. Ukipiga hesabu, askari huyo atatawanya takriban sentimita 20.9 kwa mtutu wa kawaida na 20.2 kwa ule wa ghali. Tofauti haifiki hata sentimita moja. Sasa mpe mitutu hiyo mlengaji hodari ambaye mikono yake hutawanya sentimita 3 tu. Atapata 6.7 kwa wa kwanza na 4.2 kwa wa pili. Kwa huyu, mtutu wa ghali ni mali. Kwa yule wa kwanza, fedha hizo zingefaa zaidi kama zingenunua risasi za mazoezi.

Tena, yapo mambo ambayo jeshi huyataka kuliko mkusanyiko. Bunduki za M16 za Marekani zilipopelekwa Vietnam katika miaka ya 1960, hazikuwa zimepakwa kromiamu ndani. Kutu na uchafu vikachangia kuzikwamisha, na askari wakajikuta mbele ya adui wakiwa na silaha isiyolia. Baadaye zilipakwa. Tabaka la kromiamu huzuia kutu na kurefusha maisha ya mtutu, lakini lisipokaa sawasawa hupunguza mkusanyiko kidogo, ndiyo maana mitutu ya mashindano kwa kawaida haipakwi. Je, mtutu bora ni upi hapo? Hauwezi kujibu hadi uulizwe: bora kwa kazi gani?

Wajerumani, ambao hakuna awezaye kuwashtaki kwa ugeni katika kazi ya chuma, walilipata somo hili hadharani. Mwezi wa Aprili 2015, Waziri wao wa Ulinzi, Ursula von der Leyen, alitangaza kwamba bunduki ya G36, jinsi ilivyokuwa wakati huo, haikuwa na mustakabali jeshini, kwa kuwa ilipoteza shabaha ikipata joto. Wengine waliulaumu mwili wa plastiki unaoushika mtutu, wengine wakazilaumu risasi. Kampuni iliyoitengeneza, Heckler & Koch, ilikanusha. Oktoba mwaka huo, tume huru ikasema haikupata askari yeyote wa Ujerumani aliyeuawa au kujeruhiwa kwa sababu ya kasoro hiyo. Septemba 2016, mahakama ya Koblenz ikaamua kwamba kampuni haikuwa na dhima ya kulipa, maana bunduki ilikuwa na sifa zilizokubaliwa katika mkataba. Kwa maneno mengine, serikali ilipewa ilichokiagiza. Upungufu ulikuwa katika maandishi ya agizo.

Nayaeleza haya kwa sababu nasi ni wanunuzi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na mnunuzi mkuu wa bunduki za masafa ni serikali, kwa fedha za mlipa kodi. Mwaka wa 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua kiwanda cha silaha ndogo huko Ruiru, kilichoripotiwa kugharimu takriban shilingi bilioni 4 na kuweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Tuliambiwa gharama na idadi. Lakini bei na idadi havituelezi risasi itaangukia wapi, na risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani. Huenda ikamkuta mama sokoni au mtoto njiani kutoka shule.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bunduki ni ya shilingi ngapi, wabunge wetu na waulize maswali manne. Ilijaribiwa kwa risasi ngapi? Risasi tatu zilizobanana zaweza kuwa bahati tu. Thelathini ni ushahidi. Ilijaribiwa kwa umbali gani? Ilijaribiwa ikiwa baridi tu, au pia baada ya mtutu kushika moto? Na je, risasi za jaribio ndizo zile zile atakazopewa askari? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba kwa maneno yasiyo na utata, kisha pawepo fungu la mazoezi, kwani mtutu haujifundishi kulenga.

Mwanafunzi wangu aliondoka na maneno yake mawili, mkusanyiko na usahihi, kila moja na maana yake. Aliponiaga mlangoni aliniuliza kama, kwa maoni yangu, mtutu wa ghali una faida. Nikamjibu kwamba unayo, kwa yule ambaye tayari amejua kulenga. Akacheka, akasema kwamba katika kikosi chake anaweza kuwahesabu watu hao kwa vidole.