Ngoma tunaitaka, mpiga ngoma hatumtaki

Hivi mmewahi kujiuliza inakuwaje mtu anaipenda ngoma ya jirani yake, anaicheza mpaka jasho linamtoka, halafu ngoma ikiisha anamfungia jirani huyohuyo mlango?

Siku hizi nasoma sana habari za Waroma. Siyo Warumi wa kwenye Biblia, wala Roma Mkatoliki wa Tanga! Nazungumzia wale ambao Wazungu wamezoea kuwaita Gypsy, watu ambao mababu zao walitoka India wakaingia Ulaya karne nyingi zilizopita. Flamenko ya Hispania unayoisikia kwenye filamu, mkono wa Waroma umo. Harusi za Rumania na Makedonia, wapigaji wake wakubwa ni Waroma. Haya, na ujira wao je? Katika maeneo ambayo leo ni Rumania walikuwa watumwa wa kununuliwa na kuuzwa mpaka miaka ya 1850. Kwenye Vita ya Pili ya Dunia Wanazi waliwaua Waroma kati ya laki mbili na laki tano, kwa makadirio ya wanahistoria. Na cha ajabu, katika miaka hiyohiyo Paris ilikuwa chini ya Wajerumani, na mpiga gitaa aliyetamba mjini humo alikuwa Django Reinhardt, Mroma aliyeungua mkono akawa anapiga kwa vidole viwili tu vilivyo vizima. Maofisa wa Kijerumani nao walikwenda kumsikiliza. Wanampigia makofi huku, wanawaua ndugu zake kule!

Najua kuna atakayesema: hayo ya Ulaya sisi watu wa Bagara yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana tu. Mkoa wetu wa Manyara una utajiri ambao mikoa mingine inautamani. Tuna Wairaqw na Wagorowa wenye asili ya Kikushi, Warangi na Wambugwe ambao ni Wabantu, Wadatoga na Wamasai ambao ni Waniloti, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao lugha yao wataalamu wameshindwa kuipa ndugu. Kila kundi lina sauti yake. Akija mgeni wa kitaifa, vikundi vya ngoma vinapakiwa kwenye lori na kuletwa uwanjani. Kina mama wa Kidatoga na mavazi yao ya ngozi yenye shanga, vijana wanaruka, kamera zinawaka. MC anapaza sauti: utamaduni wetu huo, mheshimiwa!

Ngoma ikiisha, "utamaduni wetu" unageuka kuwa "hao Mang'ati".

Jina lenyewe hilo ni la Kimasai na maana yake ni adui. Wao hawajiiti hivyo. Wanajiita Datoga, na walio wengi huku kwetu ni Wabarabaig. Sisi tuliosoma ndio tunaolitamka jina hilo la uadui bila hata kupepesa macho, kwenye daladala, maofisini, na kwenye vichekesho. Kwenye mgahawa mmoja hapa mjini nimemwona mzee wa Kibarabaig akiambiwa akanywe chai yake nje kwa sababu ya shuka na fimbo yake. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya wacheza ngoma wa kabila lake. Hakuna aliyeona ajabu.

Na siyo suala la maneno tu. Kuanzia miaka ya 1970, kule Hanang, ardhi ya malisho ya Wabarabaig inayofikia takribani ekari laki moja ilichukuliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Kanada. Humo ndani yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Mbarabaig mwenye heshima hazikwi kimyakimya. Anafanyiwa bung'ed, mazishi ya miezi kadhaa, watu wanakusanyika na kuimba, na kaburi linainuliwa kama kichuguu kikubwa. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa na matrekta. Sasa niambieni, unamwita mtu aje akuimbie uwanjani wakati pale alipoimbia wazee wake umepanda ngano?

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Manyara peke yake. Wagogo wa Dodoma wametaniwa miaka nenda rudi kwamba ni ombaomba. Lakini ukimuuliza mpenzi wa muziki kule Uingereza amtaje Mtanzania, usishangae akimtaja Hukwe Zawose, Mgogo, fundi wa ilimba na zeze, ambaye Mwalimu Nyerere mwenyewe alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel na akafariki Bagamoyo mwaka 2003. Mwaka 2024 kina mama wa ukoo huohuo, Pendo na Leah, The Zawose Queens, walitoa albamu yao Maisha. Wangapi kati yetu tunayo kwenye simu?

Na Siti binti Saad? Binti wa Fumba, wa ukoo wa watumwa, aliyetembea mjini Unguja akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili. Waliokuwa wakimdharau kwa asili yake walizinunua. Leo taarabu ni fahari ya taifa, tunaifundisha na kuitangaza kwa watalii.

Kuna hoja moja naisikia mara kwa mara: mbona wenyewe wanafurahi kualikwa, na posho wanapewa? Ni kweli, na kupenda ngoma ya mwenzako ni mwanzo mzuri. Siti alifunguliwa milango mingi na sauti yake. Lakini mlango ulifunguliwa kwa Siti, siyo kwa kila binti wa ukoo wa watumwa aliyekuwa akiuza vyungu. Hapo ndipo muziki unapofika mwisho wa nguvu zake. Makofi hayarudishi malisho, wala hayampi mtoto wa Kidatoga mwalimu asiyemcheka.

Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda sanaa za jadi, lakini anayetaka kuzitumia kibiashara anaomba ruhusa kwa mamlaka ya serikali. Wenye ngoma wako wapi hapo?

Mimi napendekeza mambo madogo tu. Kikundi kikialikwa, kitajwe kwa jina kinalojiita. Kilipwe kama anavyolipwa msanii wa Bongo Fleva, siyo soda na nauli. Waandishi wenzangu, tukipiga picha ya mchezaji tumuulize jina lake na wimbo unasema nini. Mara nyingi anaimba habari za ng'ombe, za malisho, za waliokufa. Tukielewa maneno hayo huenda tutaacha kuyaita burudani.

Na lile neno Mang'ati, jamani, tuliache.

Nawasilisha.