Kabla ya Kuishitaki Mbingu, Tuusome Mchanga

Katika mijadala yetu ya kitaifa, mabadiliko ya tabianchi yamegeuzwa shuka pana la kufunikia kila jambo. Mto ukikauka, ni tabianchi. Mgawo wa umeme ukirejea, ni tabianchi. Sikatai kwamba tabianchi inabadilika. Ushahidi wake uko wazi. Ninachokataa ni kuitumia kauli ya kisayansi ili kukwepa kazi ya kisayansi, yaani kupima, kulinganisha na kutenganisha yaliyotoka mbinguni na yaliyotoka mikononi mwetu.

Tuutazame Mto Ruaha Mkuu. Hukusanya maji ya nyanda za juu za Mbeya na Njombe, hutandaa katika bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha huteremka hadi Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na mashamba ya vitunguu. Tangu mwaka 1993, ndani ya hifadhi mto huo umekuwa ukiacha kutiririka wakati wa kiangazi. Nani wa kulaumiwa? Mvua, mkulima wa mpunga au mfugaji?

Yupo shahidi asiye na chama: chembe ya mchanga. Maji yenye kasi hubeba changarawe. Yanapopungua nguvu hutua kwanza chembe kubwa, kisha mchanga laini, na mwisho udongo wa mfinyanzi, ambao hutulia tu pale maji yanapotulia. Chembe ya mchanga huweza kufikia milimita 2. Ya mfinyanzi haifiki milimita 0.004. Mtafiti huchimba mashapo tabaka baada ya tabaka, akapima ukubwa wa chembe na kukadiria umri wake. Ndipo huweza kusema lini maji yalikuwa na nguvu na lini yalisinzia.

Ushahidi wa aina hii tunao mlangoni. Isimila, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, ni korongo kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, kuta zake zina tabaka za mchanga na mfinyanzi zinazopokezana, pamoja na mifupa ya viboko na zana za mawe za watu wa kale. Palikuwa na maji pale. Katika Ziwa Nyasa, mashapo yaliyochorongwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, zaidi ya miaka 70,000 iliyopita, kulikuwa na vipindi vya ukame mkali vilivyoshusha kina cha ziwa kwa mamia ya mita. Mbingu, basi, ina uwezo wa kutukausha bila msaada wetu.

Lakini chembe haisomwi peke yake. Tabaka la mchanga mnene laweza kuwa alama ya mvua kubwa. Laweza pia kuwa alama ya mlima uliofyekwa miti, au ya ufuo wa ziwa uliosogea baada ya maji kupungua. Ndiyo maana watafiti huongeza chavua, mabaki ya viumbe wadogo na vipimo vya umri. Na pale Ruaha Mbuyuni, mashapo ya miongo ya karibuni yanasimulia habari za binadamu kama yanavyosimulia za mvua, kwa kuwa Mtera huzuia sehemu kubwa ya mchanga na tope, na milango yake ndiyo hupanga mtiririko.

Uchunguzi uliofanyika Usangu kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba sababu kuu ya mto kukauka kiangazi ni maji yanayoingizwa katika mifereji ya mpunga wakati huo. Hata hivyo, mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao ndio walioondolewa kwa operesheni, wengi wakipelekwa Lindi. Hukumu ilitangulia, ushahidi ukaachwa kabatini.

Napendekeza tubadilishe utaratibu. Tuzichoronge tabaka za Ihefu na kuziuliza swali moja: kabla ya mifereji, kinamasi hiki kilikauka mara ngapi, na kwa muda gani? Kama kilikauka mara kwa mara, mipango ya mpunga na umeme ikubali kwamba mto huu una asili ya kuyumba. Kama hakikukauka, basi tuache kuisingizia mbingu, tukagawane maji kwa haki: mkulima wa Mbarali, mfugaji wa Usangu, mnyama wa hifadhini, mtambo wa Kidatu na mlima vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Kazi hiyo ifanywe na vyuo vyetu, sampuli zihifadhiwe nchini, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili, mbele ya wale watakaoambiwa wahame au wafunge mifereji.

Serikali inayomhamisha mtu kwa jina la mazingira inawajibika kumwonyesha ushahidi kwanza. Ushahidi huo umelala chini ya miguu yake.