Kanzidata ya Hospitali Ichaguliwe kwa Maslahi ya Mgonjwa

Hospitali inapotafuta programu ya kutunzia kumbukumbu, aghalabu huulizwa kwanza kasi na bei. Maswali hayo ni halali, lakini hayatoshi. Mama mjamzito anayepewa rufaa kutoka Ntalikwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete hufaidika pale tu kundi lake la damu na vipimo vyake vya shinikizo vinaposomeka kule aendako.

Kanzidata, yaani hazina ya taarifa iliyo chini ya programu, si za namna moja. Microsoft Access huweka taarifa katika faili lisilozidi gigabaiti 2, hivyo hufaa chumba chenye watumiaji wachache. Oracle na SQL Server hubeba mzigo mkubwa, ila matoleo yake kamili hulipiwa leseni. MySQL na PostgreSQL hupatikana bila ada hiyo, nazo huhudumia watumiaji wengi kwa pamoja. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Tanzania huutumia kwa takwimu za MTUHA, hutegemea PostgreSQL.

Hata hivyo, kisicho na leseni hakikosi gharama: seva, umeme na fundi hulipiwa. Umeme ukikatika dozi ikiandikwa, kanzidata madhubuti hujirekebisha kwa kusoma daftari lake la ndani, ambamo kila badiliko huandikwa kwanza. Diski ikiharibika, kinga iliyobaki ni nakala rudufu iliyohifadhiwa kwingine.

Kwa hiyo mkataba usitiwe saini kabla ya mambo matatu kuthibitishwa. Kwanza, hospitali iweze kutoa taarifa zake zote katika muundo unaosomwa na programu nyingine, bila kumtegemea muuzaji. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji ilifunga mizigo kwa kadiri ya bega la mpagazi. Kumbukumbu za mgonjwa nazo zifungwe zikibebeka. Pili, nakala rudufu irejeshwe kwa majaribio mbele ya wahudumu watakaoitegemea. Tatu, apatikane fundi wa karibu anayeimudu kanzidata hiyo, hata kama si maarufu kuliko zote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Wajibu huo hauhamii kwa muuzaji wa programu. Muuguzi na mfamasia waitwe katika kikao cha uchaguzi, kwa kuwa wao ndio watakaomweleza mgonjwa pale faili lake litakapokosekana.