Amri ya kununua



Mdogo wangu anaishi Marekani, katika jimbo la Kentucky, tangu familia yake ilipotolewa kambini na kupelekwa huko. Ana mtoto wa kiume wa miaka saba ambaye hasemi. Anasikia vizuri, anacheka, anamjua kila mtu wa nyumba kwa mlio wa miguu yake, lakini maneno hayatoki. Walimu walimwita mama yake kwenye mkutano, wakakubaliana mtoto apewe mashine ya kusemea. Ni tableti yenye picha: mtoto anagusa picha, mashine inatamka neno. Siku ile tulipiga vigelegele kwenye simu, huku na kule.

Majuma matatu yakapita, mashine haionekani. Mdogo wangu akaenda kuuliza shuleni. Wakamtafutia mkalimani kwa njia ya simu, mtu wa Kiswahili cha pwani, naye akamwambia: “Mama, shule inasubiri amri ya kununua.”

Usiku huo simu yangu ililia. Kwetu ilikuwa saa sita ya usiku, kwake jua lilikuwa bado. “Yaya, wametoa amri. Wanataka ninunue mashine mimi mwenyewe. Mimi ninafungasha mizigo ghalani, dola hizo nitazitoa wapi?” Alikuwa analia. Kwetu sisi amri ni neno la askari na la tribinali. Mtu akisikia amri, anatafuta kwanza wapi pa kujificha.

Ilituchukua siku mbili kujua maana. Ile amri ni karatasi tu ambayo ofisi inamwandikia mfanyabiashara: tuletee kitu hiki, kwa bei hii, namba yetu ni hii. Mkalimani angesema “bon de komande”, mdogo wangu angelala usingizi wake vizuri. Lakini kwa kutafuta maana nilijifunza mambo, na kwa kuwa wengi kati yetu tuna dada, binti ao shangazi huko, nimeona niwaandikie.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma bila kulipa, kwa namna inayomfaa yeye. Mwaka 1990 sheria hiyo ikabadilishwa jina, ikaitwa IDEA. Inawagusa watoto wa miaka 3 mpaka 21, na leo zaidi ya milioni 7 wanasoma chini yake. Serikali kuu inatuma fedha kwa kila jimbo, na jimbo linazigawa kwa wilaya za shule. Wilaya hizo msizifananishe sana na sudivizio zetu za elimu. Zina fedha zao, na mara nyingi baraza lao linachaguliwa na wananchi.

Fedha ya serikali kuu inakuja na masharti, na hapo ndipo karatasi zinapoanza. Sharti la kwanza ni kwamba fedha hiyo ilipe kile kinachozidi, yaani gharama ambayo mtoto mwenye ulemavu anahitaji juu ya gharama ya mtoto mwingine yeyote. Wilaya haiwezi kuichukua ikapaka rangi shule nzima ao ikanunua kompyuta za kila darasa. Lakini mwalimu aliyelipwa kwa ajili ya mtoto wetu akimweleza hesabu na mtoto anayekaa pembeni yake, sheria haina neno. Sharti la pili nimelipenda sana. Wilaya haiwezi kusema, serikali kuu imetupa, basi fedha yetu wenyewe tuipeleke kwingine. Kwa kawaida kile ilichotoa mwaka uliopita kwa watoto hawa inapaswa kukitoa tena. Ni kama mume anayeona ndugu yako amekutumia kitu, naye anapunguza posho ya nyumba. Wamarekani wameandika sheria ya kumzuia mume wa namna hiyo.

Halafu kuna kununua kwenyewe. Masharti ya ununuzi kwa fedha ya serikali kuu yameandikwa mahali pamoja kwa nchi nzima. Kitu kiwe cha lazima, bei iwe ya haki, na kionekane kweli kwamba ni cha kazi ile fedha ilipewa. Kwa vitu vidogo wilaya inaweza kununua bila kushindanisha wauzaji, mradi bei si ya kuchekesha. Kwa muda mrefu mpaka wa vitu vidogo ulikuwa dola 10,000, ingawa wilaya nyingine zinajiwekea mpaka wa chini zaidi. Juu ya hapo wanatafuta bei kwa wauzaji kadhaa. Ninyi mliofanya kazi na mashirika mnaijua habari ya proforma tatu, hii ni dada yake. Kitu kikiwa kikubwa sana, wanatangaza wazi na kila anayetaka analeta bei yake. Na mtu mwenye faida yake ndani, tuseme shemeji yake ndiye mwenye duka, haruhusiwi kugusa uchaguzi huo. Hata ikionekana tu kwamba ana faida, anakaa pembeni.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mikono. Mwalimu anaomba. Mkubwa wa masomo ya watoto wenye ulemavu anaangalia kama ombi linaendana na mpango wa mtoto. Ofisi ya manunuzi inaandika ile karatasi iliyomliza mdogo wangu. Mwingine anapokea kifurushi, anakifungua, anahesabu. Mwingine tena analipa, lakini hatoi hata senti kabla hajaweka karatasi tatu pamoja juu ya meza: ya kuagiza, ya kupokea, na faktire ya muuzaji. Zisipolingana, muuzaji anasubiri. Mwalimu mwenye huruma akikimbia dukani na fedha yake kabla ya namba ya kuagiza kutoka, anaweza kukosa kurudishiwa.

Sasa mtaniambia, karatasi zote hizi kwa tableti moja?

Wamama wa AVEC, niwaulize: sanduku letu lina kufuli ngapi? Tatu. Funguo zinakaa kwa wamama watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne. Kuna siku mvua inanyesha, mama mmoja mwenye ufunguo amechelewa sokoni, na mwenye mtoto mgonjwa anangoja mkopo wake mlangoni. Tunakasirika. Lakini sijasikia mtu akisema tuweke kufuli moja.

Mimi mwenyewe nina sababu ya kutosema hivyo. Miaka ya nyuma nilikuwa katika komite moja iliyopata fedha ya kununua baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu, kwa watoto sita wasioweza kutembea. Mtu mmoja aliyaona mahitaji, akachagua fundi, akalipa, akapokea, akaleta na risiti. Sisi wengine tulitia saini. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, mnyororo wa moja ulikatika kila juma, mbili zilipasuka kwenye uungio, na moja hatukuiona kamwe, tuliambiwa iko njiani. Tulipotaka kudai, hakukuwa na karatasi inayosema tuliagiza kitu cha namna gani. Fundi alisema alitengeneza alichoambiwa. Saini yangu iko kwenye ile risiti mpaka leo. Mama wa yule mtoto aliyekosa hajawahi kunisema, ananisalimia tu, na mimi ningependa anitukane.

Kwa hiyo nilipomjibu mdogo wangu, nilimwambia asizichukie karatasi. Ila nilimwambia pia, na hapa ndipo nataka wamama waliobeba watoto wa namna hii wasikilize, kwamba karatasi ni deni la ofisi. Mtoto hadaiwi kitu. Sheria ileile inasema mpango wa mtoto ukishakubaliwa, yaliyoandikwa ndani yaanze haraka iwezekanavyo. Na wilaya haiwezi kukuambia fedha imekwisha kwa hiyo mtoto asubiri mwaka ujao. Kukosa fedha si sababu ya kumnyima mtoto haki yake. Tena sheria haisemi lazima kununua. Inasema pia kukodi, ao kupata kitu kwa njia nyingine. Kila jimbo lina programu ya kuazimisha vifaa vya watu wenye ulemavu. Hivyo swali zuri la kupeleka shuleni halikuwa “mashine imefika?” Lilikuwa hili: “Kesho asubuhi mtoto wangu atasemea nini, wakati mnasubiri?”

Aliuliza hivyo. Juma lililofuata wakampa kadi za picha zilizofunikwa plastiki, na siku chache baadaye tableti ya kuazima, yenye ufa kwenye kona.

Mpango huo ndio mlango wa kila kitu. Wao wanauita kwa herufi tatu, IEP. Wamama wetu wengi huko wanaenda kwenye mkutano wake, wanatikisa kichwa kwa heshima, wanatia saini na kurudi nyumbani, kama mimi na ile risiti. Kitu kisichokuwa ndani ya mpango, ofisi ya manunuzi haina pa kukiweka. Wala haifai kuandika kwamba mtoto “anapenda” tableti. Iandikwe ni kazi gani hawezi kuifanya bila hiyo. Pia iulizwe kama anaihitaji nyumbani ili masomo yake yaende. Watu wa mkutano wakikubali kwamba anaihitaji, shule inapaswa kumruhusu aende nayo, hata kama ni mali ya shule. Hili wengi hawalijui, na kifaa kinafungiwa kabatini Ijumaa mpaka Jumatatu, mtoto akibaki bubu siku mbili nzima ndani ya nyumba yake.

Kama mtoto hajapimwa bado, mama aombe kwa maandishi na aweke tarehe. Akishatia saini ya kukubali, kawaida ya nchi ni siku 60 kumaliza kumpima, ingawa jimbo linaweza kuwa na hesabu yake. Na mkalimani ni haki ya mzazi katika mkutano ule. Shule ndiyo inayomtafuta. Mwambieni dada aseme mapema, “Kiswahili cha Congo.” Mtoto mkubwa wa nyumba asifanywe mkalimani wa mambo ya mdogo wake. Neno moja baya limetosha kumkosesha mdogo wangu usingizi, na lilitoka kwa mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo.

Msidhani huko ni mbinguni. Sheria ile ya 1975 ilikuja na ahadi kwamba serikali kuu ingefikia kubeba asilimia 40 ya wastani wa kile kinachotumika kwa mwanafunzi mmoja, ili kusaidia gharama hii ya ziada. Miaka zaidi ya 45 imepita na ahadi hiyo haijatimizwa hata mara moja. Kinachobaki kinabebwa na majimbo na wilaya, na ndiyo sababu kwenye mikutano mingine utaona watu wanaongea kwa upole wakizunguka neno ambalo hawaruhusiwi kulisema, yaani bei. Mama asiwasaidie kulisema. Yeye aongee mahitaji ya mtoto.

Karatasi za wilaya zinazohusu fedha hii zinapaswa kuonyeshwa kwa mwananchi akiomba. Mdogo wangu alicheka niliposema hivyo. “Yaya, mimi nitaenda kuomba hesabu ya wazungu?” Bado hajaenda. Mimi ningeenda, lakini ni rahisi kuwa jasiri ukiwa Bukavu.

Mashine yenyewe ilifika juma la saba. Ilikuwa na kibandiko cha namba nyuma, kwa sababu vifaa vya bei kubwa vilivyonunuliwa kwa fedha ya serikali kuu vinaandikwa kitabuni, wapi vilipo na hali yake, na kuhesabiwa angalau mara moja kila miaka miwili. Wilaya yao inaweka kibandiko hata kwenye vile vya bei ndogo. Mtoto alikikwangua kile kibandiko kwa kucha siku ya kwanza, mama yake akaogopa tena kwamba wataitwa ofisini. Mwalimu alibandika kingine, akaweka na plastiki juu.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakuna proforma iliyokifikiria. Mashine inaongea Kiingereza, na bibi anayekaa na mtoto mchana hajui Kiingereza hata neno. Mwalimu akamwonyesha mdogo wangu kwamba anaweza kurekodi sauti yake mwenyewe nyuma ya kila picha. Alikaa nayo jioni nzima jikoni, akarekodi maji, bibi, choo, sitaki, inauma, sombe.

Sasa kila saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla ya basi la shule, nyumba nzima inaamshwa na sauti ya mama inayotoka kwenye tableti: sombe, sombe, sombe. Mama anamjibu kwamba sombe haipikwi asubuhi. Naye anagusa picha nyingine: sitaki.