Waliokulia Ugenini kwa Karatasi za Miezi Sita



Dominika ya mwisho ya Septemba Kanisa huadhimisha Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani. Katika mazungumzo yaliyofuata Misa ya siku hiyo, kijana mmoja wa kikundi chetu alisimama akasema neno ambalo wengi walilipigia makofi: kwamba wenzetu waliokulia Afrika ya Kusini, na ambao sasa wanahangaika usiku na mchana kutafuta ukaaji wa kudumu, wamekwisha kuitupa nchi yao. "Kama wangetupenda," alisema, "wangetafuta nauli ya kurudi, si karatasi ya kubaki." Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa saa ilikuwa imekwenda na mvua ilikuwa inakaribia. Tunamjibu hapa, yeye pamoja na waliompigia makofi; na tunakiri kwamba baadhi yetu watu wazima tulikuwa miongoni mwao.

Tuanze na mtu kabla ya kufika kwenye sheria. Tunamfahamu kijana aliyebatizwa katika parokia mojawapo ya Bukavu mwaka 2001. Mwezi wa Juni 2004, mji ulipotekwa na wanajeshi walioasi, mama yake alimbeba mgongoni, akiwa na miaka mitatu. Walishuka hadi Uvira, wakavuka ziwa kwenda Kigoma, na baada ya miezi mingi ya njia, kupitia Malawi na Msumbiji, wakafika Durban. Baba alipata kazi ambayo Wakongomani wengi wa mji huo wanaijua: kulinda magari ya watu barabarani, bila mshahara, akitegemea sarafu za wenye magari. Mtoto akaingia shule. Kizulu alikipata uwanjani, Kiingereza darasani. Kiswahili kikabaki kuwa cha nyumbani na cha rozari ya jioni. Alitueleza kwamba siku hizi hata ndoto zake ni za Kizulu, na alilisema hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi.

Miaka yote hiyo, haki yake ya kuwa pale ilikaa ndani ya karatasi moja ya baba yake: karatasi ya mwomba hifadhi, inayodumu miezi mitatu au sita. Kila ilipokaribia kwisha, baba aliacha kazi, mara nyingine kwa siku mbili au tatu, akaenda kupanga foleni tangu alfajiri. Mtu aliyefika na miaka mitatu, hadi atimize kumi na minane, atakuwa ameona karatasi hiyo ikifanywa upya si chini ya mara thelathini. Ikichelewa kidogo, benki inafunga konti. Alipomaliza sekondari mwaka 2019, tena na alama nzuri za hisabati, alikuta kwamba mfuko wa serikali unaogharamia masomo ya chuo kikuu ni wa raia na wenye ukaaji wa kudumu. Walimu wake walishangaa kuliko yeye. Hawakuwa wanajua kwamba si mwenyeji.

Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alikwisha kupewa zamani. Ananyoa watu nywele katika duka la mwenzake, anaimba katika kwaya, anafundisha watoto wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Lakini ninyi mliozaliwa Kabare na Walungu mnajua kwamba jembe peke yake halitoshi. Katika desturi ya Bushi kuna kalinzi na kuna bwasa. Mwenye kalinzi amekwisha kutoa ng'ombe wake. Shamba ni lake na watoto wake watalirithi. Mwenye bwasa amekodishiwa kwa msimu mmoja au miwili. Anaruhusiwa kupanda maharagwe, ila haruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa, kwa maana mti unaodumu ni alama ya kudumu kwa aliyeupanda. Mwenye bwasa anaweza kulima vizuri kuliko jirani zake wote, na bado hana neno siku mwenye shamba akilitaka. Kijana wetu amelima bwasa maisha yake yote. Hawezi kuanza masomo ya miaka mitano kwa karatasi ya miezi sita, hawezi kukopa, anaogopa kuoa. Anachoomba ni ruhusa ya kupanda mgomba.

Wengine hudhani kwamba mlango uko wazi, na kwamba asiyeingia ni mvivu. Kwa mtoto aliyezaliwa huko Afrika ya Kusini kwa wazazi wasio na ukaaji wa kudumu, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2013 inamruhusu kuomba uraia anapotimiza miaka 18, mradi awe ameishi huko tangu kuzaliwa na kuzaliwa kwake kuwe kumeandikishwa. Hata hivyo wizara husika ilishikilia kwamba sheria hiyo ni ya waliozaliwa baada ya tarehe ile tu, maana yake mwombaji wa kwanza angepatikana mwaka 2031! Ilibidi vijana wachache waende mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Rufani ikawapa haki mwezi wa Novemba 2018.

Lakini aliyebebwa mgongoni hakuzaliwa huko, na mlango huo si wake. Amebakiwa na mlango wa wakimbizi. Aliyekubaliwa rasmi kuwa mkimbizi anaweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya miaka kumi (hadi mwisho wa mwaka 2019 ilikuwa mitano), nayo inahesabiwa tangu siku alipokubaliwa, si siku alipofika. Miaka ya kusubiri jibu, ambayo kwa familia nyingi ni mingi kuliko yote, haihesabiwi. Zaidi ya hayo, lazima ithibitishwe kwamba mtu huyo ataendelea kuwa mkimbizi bila mwisho unaojulikana. Tulilisoma sharti hili mara mbili tukidhani tumelielewa vibaya. Ili mtu aache kuwa mkimbizi, lazima kwanza ithibitishwe kwamba atakuwa mkimbizi siku zote.

Kanisa halikukaa kimya juu ya mambo haya. Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza aliwaona maskini wa Italia wakisubiri treni ya kuwapeleka ughaibuni, naye akaanzisha shirika la wamisionari wa wahamiaji mwaka 1887. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwezi wa Oktoba 2022. Kituo chenye jina lake huko Cape Town kilikwenda mahakamani baada ya ofisi ya wakimbizi ya mji huo kufungiwa waombaji wapya mwaka 2012, na mwaka 2017 mahakama iliamuru ofisi ifunguliwe. Tunataja jambo hili kwa sababu baadhi yenu hudhani kwamba kumhudumia mgeni ni kumpa unga na blanketi, basi.

Sasa turudi kwenye lile neno la kuitupa nchi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na uraia mwingine wowote. Anayechukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa kwetu. Ukaaji wa kudumu ni jambo jingine kabisa: anayeupata anabaki na pasipoti ya Kongo, anabaki Mkongomani, ila hafukuziki ovyo mahali alipokulia. Kwa hiyo kijana anayeacha njia ya uraia na kuhangaikia ukaaji anafanya kinyume cha yale tuliyompigia makofi. Huenda anaishika nchi hii kwa nguvu kuliko sisi tulioipata bila jasho.

Je, arudi? Wapo wanaorudi, nasi tunawapokea kwa furaha. Lakini kumwambia kijana ambaye hajawahi kusoma Kifaransa, asiye na shangazi anayemkumbuka, kwamba aje Bukavu katika hali ya mwaka 2025, na kumwambia hivyo kwa jina la upendo wa nchi, ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole. Ni wangapi kati yetu walijaribu mwaka huo kuwapeleka watoto wao Bujumbura au Kampala? Hatuwalaumu. Tunaomba tu kipimo kiwe kimoja.

Wala hatusemi kwamba Waafrika ya Kusini ni watu wabaya. Huko karibu theluthi moja ya wanaotafuta kazi hawaipati, na njaa ya jirani hugeuka haraka kuwa hasira juu ya mgeni. Mwezi wa Mei 2008 watu 62 waliuawa katika fujo za namna hiyo. Uchungu wao ni wa kweli. Mkosaji wake, hata hivyo, si mtoto aliyefika akiwa na miaka mitatu.

Tena tusitazame mbali tu. Kambi ya Lusenda, katika Fizi, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu waliokimbia Burundi. Mtoto aliyeingia humo mwaka huo na miaka mitano alitimiza kumi na mitano mwaka 2025. Anasema Kiswahili chetu, anashangilia timu zetu. Tukikutana naye sokoni tunamwita nani? Vijana wa parokia za Uvira na Baraka watajibu wenyewe. Sisi wa chama hiki tuliulizana swali hilo katika kikao, na majibu yetu hayakutupendeza.

Baki neno moja la kazi. Yule kijana wa Durban alipoanza kukusanya ushahidi, alikuta kwamba karani wa mpakani aliliandika jina lake jinsi alivyolisikia, na kwa siku ya kuzaliwa akaweka tarehe 1 Januari, kama wanavyowekewa wengi wasio na cheti. Kwetu vilevile hakuwa ameandikishwa serikalini ndani ya muda uliotakiwa. Karatasi pekee duniani yenye jina lake sahihi, tarehe yake ya kweli na majina ya wazazi wake ilikuwa mstari mmoja katika kitabu cha wabatizwa, kwa sababu sheria ya Kanisa inataka mambo hayo yaandikwe. Wasichana wawili wa kikundi cha vijana waliutafuta mstari huo kwa Jumamosi tatu, na wakaupata. Dondoo la ubatizo si cheti cha serikali. Lakini ni ushahidi wa kuweka mbele ya hakimu anayetoa hukumu ya kuzaliwa, na mjomba wa kijana amekwisha kuipeleka.

Maombi ya namna hiyo yamefika mengine kumi na moja, kutoka Durban, Cape Town na Johannesburg. Vitabu vya miaka ya 1996 hadi 2006 viko katika sanduku la pili la sakristia, na baadhi vimeanza kuliwa na mchwa. Padri paroko amekubali tuvifungue kila Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, mbele ya katibu wa parokia, bila kupiga picha ya ukurasa wowote. Wanaojua kusoma mwandiko wa zamani waje mapema. Karatasi ya kijana wetu inakwisha mwezi wa tatu.